Vyeti mchanganyiko na maombi ya chuo kikuu: maswali ninayoulizwa kila Julai

Dirisha la udahili likifunguliwa, meza yangu ya kuwajazia watu fomu za maombi hapa Msamvu, Morogoro, hujaa bahasha za kaki. Bahasha ya aliyenyoosha, darasa la saba mpaka kidato cha sita bila kupinda, huwa nyembamba na kazi yake ni dakika ishirini. Kuna nyingine nene. Ukiifungua unakuta matokeo ya kidato cha nne mara mbili, ya shule na ya kujitegemea, stashahada, cheti cha Kenya, kiapo cha jina, na karatasi ya polisi ya kupotelewa iliyokunjwa mara nne. Mwenye bahasha hiyo huanza kwa kuomba radhi: "Samahani mwalimu, mimi mambo yangu yamechanganyika kidogo."

Ukurasa huu ni wa huyo. Nimejibu kwa utaratibu wa Tanzania. Majirani nimewagusa pale vyeti vyao vinapotua kwenye meza zetu.

Sikupita njia ya kawaida. Chuo kikuu kitanipokea kweli?

Kitakupokea, ila ujue unaingilia mlango gani. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa vitabu viwili vya mwongozo kila mwaka: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa linganifu. Huo mgawanyo wa vitabu ndio mgawanyo wa milango. Mlango wa kwanza ni kidato cha sita. Wa pili ni stashahada. Wa tatu ni mwembamba kidogo: mtihani wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao wengi wanauita RPL, na programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria.

Bahasha yako inaweza kuwa na vyeti saba, lakini mlango unaoingia ni mmoja. Vyeti vingine ni mashahidi tu. Aliwahi kuja kijana mwenye prinsipo moja ya kidato cha sita, yaani ufaulu kamili wa somo moja, na stashahada ya uhasibu yenye GPA, wastani wa alama, wa 3.8. Alikuwa amekwisha kuomba mwenyewe kwa simu, akachagua kundi la kidato cha sita kwa sababu, anasema, "sita ndiyo ina heshima". Mfumo ukamtupa nje siku ile ile. Tulipoingia upya kwa stashahada, jina likatoka. Vyeti ni vile vile na kijana ni yule yule.

Kama bado unaona haya, kumbuka Azimio la Musoma la 1974. Wakati ule aliyetoka shule moja kwa moja ndiye aliyeambiwa asubiri, akafanye kazi kwanza, chuo kikuu kichukue watu wazima waliokwisha kuonja kazi. Msimamo huo ulilegezwa baadaye, lakini mtu mzima mwenye njia yake ya kuzunguka si mgeni kwenye vyuo vyetu.

Nina prinsipo mbili, ila nimezipata miaka tofauti. Zinahesabika?

Kwanza tuelewane kuhusu pointi, maana hapa ndipo watu wanapopigana na kikokotoo. Kima cha chini cha jumla kwa shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, na ziwe za masomo ambayo programu unayoomba inayataka. Ukiwa na prinsipo mbili za Historia na Kiswahili na unaomba uhandisi, hizo pointi nne hazikusaidii kitu.

Sasa, pointi hizo hazikuwa na thamani moja miaka yote. Aliyemaliza kabla ya 2014, na aliyemaliza kuanzia 2016, anahesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo C moja na E moja zinakufikisha kwenye nne, na D mbili vilevile. Lakini katikati hapo, 2014 na 2015, ndiyo miaka ya GPA, ilipoingia B+ na mizani ikabadilika: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na kinachotakiwa ni C mbili. Maana yake C ya 2015 ina pointi mbili na C ya 2016 ina pointi tatu. Herufi ile ile, karatasi mbili, thamani mbili.

Kwa hiyo mwenye Kemia ya 2015 na Baiolojia ya 2017 asijumlishe kwa mizani moja. Andika kila somo na mwaka wake kwenye karatasi, kisha weka pointi za mwaka huo. Fomu za vyuo vingi zina sehemu ya kuongeza mtihani wa pili wa kidato cha sita. Jaza yote mawili, usifiche. Na kabla hujalipa ada ya maombi, ambayo hairudi, iandikie ofisi ya udahili ya chuo husika uwaulize kama programu hiyo inapokea masomo ya mitihani miwili. Uliza kwa maandishi. Jibu la simu huwezi kulionyesha mtu mwezi Septemba.

S ni prinsipo?

Hapana. S ni sabsidiari, alama 35 hadi 39. Prinsipo inaanzia E, yaani 40. Na usihesabu General Studies wala BAM, ile Hisabati ndogo ya kidato cha sita, hata kama umepata vizuri. Hayo ni masomo ya ziada, ingawa BAM inaweza kukuokoa kwenye programu inayotaka uthibitisho kwamba Hisabati hukuiachia kidato cha nne.

Mwenye prinsipo moja na S moja asikate tamaa. Hiyo ni sifa ya kuingia stashahada, na stashahada ndiyo mlango wa pili tuliousema. Wapo waliozunguka huko wakafika chuo kikuu wakiwa wanajua kazi kuliko wenzao.

Nimerisiti, yaani nimerudia mtihani wa kidato cha nne, mara tatu. Nijaze namba ipi?

Swali hili ndilo linalokula muda wangu mwingi kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Kidato cha nne ndio mzizi wa kila kitu. Uingie kwa sita, uingie kwa stashahada, uingie kwa cheti cha nje, utaulizwa cha nne. Mfumo wa chuo haukuulizi matokeo yako. Unakuuliza namba ya mtihani na mwaka, halafu unayachota wenyewe Baraza la Mitihani, NECTA. Namba ya mtahiniwa wa shule inaanza na S, ya mtahiniwa wa kujitegemea inaanza na P. Ukiwa umerisiti, una zote mbili, na zote ni zako.

Jaza kwanza namba ya mtihani wenye ufaulu mwingi, kisha tumia sehemu ya kuongeza mtihani mwingine kuingiza zilizobaki. Ukiwa na D ya Hisabati uliyoipata ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na programu unayoitaka inadai Hisabati, namba hiyo ya P usipoijaza ni sawa na hukurisiti kabisa. Ada ya mtihani ulilipa, ukakaa kwenye jua la Novemba kusubiri chumba kifunguliwe, halafu unaiacha kwenye bahasha.

Chagua pia namba moja utakayoifanya namba kuu, na uishikilie hiyo hiyo kila mahali. Bodi ya Mikopo inataka namba ya kidato cha nne uliyoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Watu wanaomba mkopo kwa namba ya shule, wanaomba chuo kwa namba ya kujitegemea, kisha wanashangaa mbona jina halionekani kwenye orodha. Kompyuta inaona watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo.

Na hapa nikiri. Mwaka mmoja niliandika S badala ya P kwenye fomu ya dada mmoja wa Kilosa. Mfumo ukaleta jina la mtu mwingine kabisa, la mwanamume, nami kwa haraka nikabonyeza kukubali. Dirisha la kwanza likampita. Tulilirekebisha dirisha la pili, lakini tangu siku hiyo simalizi fomu kabla mwenyewe hajasoma jina lililoletwa kwa sauti. Hata ukijaza mwenyewe kwa simu usiku, fanya hivyo. Soma kwa sauti.

D nne zangu, mbili ni za dini. Zinatosha?

Hazitoshi. Kima cha D nne kwa cheti na stashahada, ambacho pia mwenye stashahada anaulizwa akiomba shahada, hakihesabu masomo ya dini. Unatakiwa kurisiti masomo mawili mengine. Chagua yale yanayohusiana na unakotaka kwenda, si yale yanayosemwa kijiweni kwamba ni mepesi.

Nina stashahada. GPA ngapi inatakiwa, na hiyo AVN ni nini?

Kwa stashahada ya ngazi ya sita ya NTA, mfumo wa ngazi za tuzo za vyuo vya kati, kima cha chini ni GPA ya 3.0, pamoja na zile D nne za kidato cha nne. Aliyekosa D nne lakini ana cheti cha ufundi stadi cha NVA ngazi ya tatu, hicho kinasimama mahali pake. Fundi wa VETA aliyepanda mpaka stashahada asiambiwe na mtu kwamba hana sifa kwa sababu ya kidato cha nne. Afungue mwongozo, amwonyeshe.

Lakini si kila stashahada ina GPA, na hapo ndipo bahasha za wazee wa kazi zinapoleta ubishi. Mwenye FTC, kile cheti cha fundi sanifu cha zamani, anaangaliwa wastani wa C. Stashahada ya ualimu inaangaliwa wastani wa B. Baadhi ya tuzo za afya zinaangaliwa wastani wa B+. Stashahada isiyo ya NTA iliyopangwa kwa madaraja inataka daraja la pili la juu, na ile isiyo na madaraja inataka ufaulu wa juu kabisa. Usijaribu kubadilisha herufi ziwe GPA kwa hesabu zako. Kila aina ya cheti ina mstari wake kwenye kitabu.

AVN ni namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza lililokuwa likiitwa NACTE. Kama vile namba ya mtihani inavyomwambia chuo aende NECTA, AVN inamwambia aende NACTVET. Bila hiyo, stashahada yako ni karatasi nzuri tu. Na AVN haipatikani kama chuo chako hakijapeleka matokeo yako barazani, kwa hiyo ukimaliza mitihani ya mwisho anza kuwasumbua ofisi ya mitihani ya chuo chako kwa upole. Nasema kwa upole kwa sababu ndio wenye kalamu. Mwanafunzi mmoja alikaa hapa kwenye benchi siku tatu mfululizo akipiga simu chuoni kwao, kila siku anaambiwa "kesho". Matokeo yake yalikuwa yameletwa na tarakimu moja ya namba ya usajili imekosewa. Aligundua mwenyewe siku ya nne, alipopanda basi akaenda kuangalia kwa macho yake.

Mimi ni tabibu, nina stashahada ya utabibu na kazi ya miaka sita. Nataka udaktari. Kidato cha sita sina.

Njia ipo na inapitwa na wengi. Ila utaulizwa tena yale masomo ya kidato cha nne: Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza, angalau D. Nimeona tabibu mwenye kituo chake, anazalisha, anashona vidonda, amekwama kwa F ya Hisabati ya miaka kumi iliyopita. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya mtihani huo mmoja chumba kimoja na watoto aliowachanja mwenyewe. Akapata D. Kama F yako ni ya aina hiyo, usisubiri Julai ndipo uigundue. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea una tarehe zake na mtihani wenyewe ni Novemba.

Nilisoma Kenya, nina KCSE, cheti cha kumaliza sekondari cha huko. Hapa nahesabika kama nani?

Huwezi kujua kwa kuangalia jina la darasa. Kidato cha sita chetu kimekuwa mwaka wa kumi na tatu wa masomo: saba, nne, mbili. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 ni mwaka wa kumi na mbili: minane ya msingi, minne ya sekondari. Ndiyo maana mwenye KCSE anakaa vibaya kwenye kiti cha kidato cha nne na anakaa vibaya kwenye kiti cha sita. Kenya kwenyewe, wastani wa C+ ndio unaofungua mlango wa shahada. Uganda, kama hapa, wanaangalia prinsipo mbili za UACE, mtihani wao wa kidato cha sita.

Unachofanya ni hiki: unaomba ulinganifu NECTA. Wanapokea cheti chako cha nje, wanakilinganisha, wanakupa matokeo yaliyotafsiriwa kwa alama zetu pamoja na namba ya ulinganifu inayoanza na EQ. Namba hiyo ndiyo unayoijaza pale wenzako wanapojaza S au P. Ukiwa na vyeti viwili vya nje, cha nne na cha sita, unaomba ulinganifu wa vyote viwili.

Hilo linawahusu pia watoto waliosoma hapa hapa nchini kwenye shule za mtaala wa Cambridge au IB. Wazazi wengi wanadhani kwa kuwa shule iko Masaki au Arusha, cheti ni cha hapa. Mtahini ni wa nje, kwa hiyo cheti ni cha nje. Na aliyefanya IGCSE kisha akahamia kidato cha tano cha kawaida, ulinganifu ufanyike kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa sita, si baada. Mama mmoja alinijia Agosti, mtoto wake ana divisheni ya kwanza ya kidato cha sita, na hati ya ulinganifu haijulikani iliko. Ilikuwa shuleni, kwenye faili la usajili wa kidato cha tano. Mama alilia kwa furaha, mimi nikamchapia nakala kumi.

Cheti changu ni cha Congo, kimeandikwa kwa Kifaransa na kina asilimia.

Diplôme d'État hutolewa baada ya mwaka wa sita wa sekondari, na asilimia 50 ndio mstari wa kufaulu. Ukienda nacho chuoni moja kwa moja, ofisi ya udahili itakurudisha. Anza na tafsiri: ipatikane kwa mfasiri au taasisi inayotambulika, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Kisha peleka tafsiri na cheti halisi NECTA kwa ulinganifu. Ndugu zetu kutoka Burundi nao wanapita huko huko.

Jambo dogo lenye uzito: kwenye vyeti vya Kifaransa jina la ukoo hutangulia, mara nyingi kwa herufi kubwa, na hapa tumezoea la ukoo liwe mwisho. Mwambie mfasiri asibadilishe mpangilio kwa hisani. Aliache kama lilivyo, na wewe ujaze hivyo hivyo kila mahali.

Stashahada ya nje ni habari nyingine: hiyo inapelekwa NACTVET. Shahada ya nje, kwa anayetafuta ya pili, inapelekwa TCU. Kila cheti kina nyumba yake, na kukipeleka nyumba isiyo yake ni wiki tatu zimepotea.

Majina hayalingani. Cha kuzaliwa kina majina matatu, cha nne mawili, na la saba nilisoma kwa jina la mtu.

Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na hayana uzito sawa.

Herufi iliyokosewa, au jina la kati lililoachwa, ni jambo la kiapo mahakamani. Yusuph na Yusufu, Halima Saidi na Halima Saidi Mbwana. Ukibadili jina lenyewe, hicho si kiapo tena. Unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Lakini usitarajie Baraza la Mitihani liandike upya cheti. Jina ulilofanyia mtihani ndilo litakalobaki kwenye cheti; hati yako inaeleza tu kwamba huyo na wewe ni mtu mmoja. Kwenye fomu ya chuo, jina litakalotokea ni la mtihani, na lisikutishe.

Kusoma kwa jina la mtu ni jambo zito. Najua lilivyokuwa: mtoto amefeli la saba, mjomba anatafuta nafasi ya mtoto aliyeacha shule, na maisha yanaendelea kwa jina la mwingine. Kama jina hilo ndilo lililofanya mtihani wa kidato cha nne na umelitumia tangu hapo, mwone wakili kabla ya kuja kwangu, akuongoze juu ya hati. Kama cheti ni cha mtu mwingine aliyeufanya mtihani mwenyewe, wewe umekichukua tu, hapo sikusaidii na usimtafute wa kukusaidia. Aprili 2017 orodha ya watumishi wa umma waliokutwa na vyeti vya kughushi ilikuwa na majina 9,932. Walikuwemo watu waliokaribia kustaafu.

Sikusoma sekondari kabisa, nilifanya QT. Nitaonekana wa hali ya chini?

Hutaonekana hata kidogo, kwa sababu hakuna anayeuliza. Mtihani wa Maarifa, ndio QT, ni kibali cha kukufikisha kwenye mtihani wa kidato cha nne bila kukaa miaka minne darasani. Ukishafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, matokeo yako yanasomeka kama ya mwingine yeyote. Tofauti ni P badala ya S. Cheti cha QT kihifadhi, ila kwenye maombi ya shahada hakina sehemu yake.

Hawa ndio wateja ninaowapenda zaidi, niseme ukweli. Kina mama waliokatishwa shule na ujauzito, kabla Novemba 2021 serikali haijawaruhusu kurudi madarasani, walisoma jioni kwenye vituo vya elimu ya watu wazima na watoto mgongoni. Bahasha zao huwa zimepangwa kwa tarehe. Wengine wanaziweka kwenye mfuko wa nailoni kwanza.

Nina kidato cha nne tu na kazi miaka kumi na tano. Naweza kuruka moja kwa moja?

Kwa RPL, ndiyo, ukifaulu. Unatathminiwa kwa kile unachokijua, unaandaa mkoba wa ushahidi wa kazi zako, unafanya mtihani, na kiwango kinachotakiwa ni B+. Si mtihani wa huruma. Anayeuchukulia kama njia ya mkato hurudi akiwa amekasirika.

Programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, watu wengi wanaielewa vibaya. Wanadhani kidato cha nne na mwaka mmoja wa Huria basi. Mwongozo unataka GPA ya 3.0 kutoka masomo sita, angalau C katika masomo matatu ya kundi lako, na juu ya hapo uwe na kitu cha nyuma: pointi 1.5 za kidato cha sita katika masomo mawili, au stashahada yenye GPA ya 2.0 na kuendelea, au cheti cha NTA ngazi ya tano. Kwa hiyo ni daraja la aliyekaribia akapungukiwa. Mwenye stashahada ya GPA 2.7, hili ni lako. Mwenye kidato cha nne tu, aidha RPL, au anza astashahada upande ngazi kwa ngazi. Ni miaka, ndiyo. Lakini miaka hiyo itapita hata ukikaa.

Nikiingia kwa stashahada, mkopo napata?

Unaweza kuomba. Angalia mambo mawili kwenye mwongozo wa Bodi: umri usiozidi miaka 35, na kuwa umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. La pili ndilo linalowakata wenye bahasha nene, waliokwenda kazini kwanza. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema, kwa wakala wa usajili wa vizazi: RITA kwa Bara na ZCSRA kwa Zanzibar. Na ile namba ya kidato cha nne, nimekwisha kusema. Nasema tena.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Furaha tupu!

Hongera, ila thibitisha kimoja kabla ya tarehe. Tangu 2017 tunaomba vyuoni moja kwa moja badala ya mfumo mmoja wa TCU, kwa hiyo kuchaguliwa mara mbili ni kawaida. Msimbo wa kuthibitisha unakuja kwenye simu uliyoiandika kwenye fomu. Kama uliandika namba ya rafiki wa rafiki aliyekujazia, mtafute leo.

Mwalimu, naweza kukutumia bahasha yangu kwa WhatsApp?

Tuma, lakini piga picha mezani, mchana, karatasi imelala, pembe zote nne zinaonekana. Usipige picha ya cheti kilichowekwa lamineti ukiwa chini ya taa. Naona taa tu. Tuma mbele na nyuma. Andika chini ya kila picha mwaka na kama ni ya shule au ya kujitegemea. Nywila yako usinitumie. Tutakaa wote, utaiandika mwenyewe. Na kama kuna cheti unachokionea haya, hicho ndicho uanze nacho.